Maua ya Arusi: Yatoka Wapi na Yaenda Wapi?



Nataka kukuuliza suali moja, nawe ulijibu mwenyewe moyoni kabla hujaendelea kusoma. Arusi ya mwisho uliyohudhuria, iwe ni ya mwanao au ya jirani, maua yaliyopamba siku ile yalitoka wapi, na asubuhi yake yalikwenda wapi? Biriani najua unaikumbuka, na nguo za bi arusi mama watoto atakueleza mpaka rangi ya uzi. Lakini maua? Wengi wetu hatujui, kwani hatukuuliza. Mimi pia sikuwa nikiuliza, mpaka nilipoulizwa na mzee mmoja huko Kwihara, na suali lake limenikaa tangu siku ile.

Kwihara ni kijiji kilicho karibu na mji wa Tabora, mwendo wa kilomita 10 hivi. Waliosoma tarikhi wanakijua kwa ajili ya lile tembe alilokaa Stanley mwaka 1871 kabla ya kwenda Ujiji, akarudi nalo pamoja na Livingstone Februari 1872. Waliagana hapo mwezi wa Machi, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi mpaka mwezi wa Agosti. Tembe limejengwa upya na leo ni makumbusho. Lakini kwetu sisi watu wa pwani Kwihara ni zaidi ya nyumba ya Mzungu. Ni kituo katika ile njia iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, kisha ikashuka mpaka Ujiji ziwani. Njia hiyo Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006 iingie katika orodha ya awali ya turathi za dunia. Babu zetu waliipita kwa miguu, wengine kwa khiari yao na wengine kwa minyororo, na jambo hilo nitalirudia.

Kabla hatujafika huko yanipasa nikueleze deni langu mwenyewe, usije ukadhani nakuwaidhi kutoka juu ya mimbari. Nilipomuoza binti yangu mkubwa, wanawake wa nyumbani walitaka ukumbi, na ukumbi ukataka mpambaji, na mpambaji akataka fedha ambazo sikuwa nazo. Sisi ni watu wa Bagamoyo. Tunalo shamba dogo la urithi, na katika shamba lile palikuwa na mwembe alioupanda babu yangu mzaa baba. Akaja mchongaji wa mitumbwi, akalipima shina kwa kamba, tukapatana bei. Shina likawa mtumbwi, na matawi yakawa mkaa. Fedha zile, mpaka shilingi ya mwisho, zilikwenda katika upinde wa maua ya plastiki mlangoni, na vitambaa vya kukodi, na jukwaa la bi arusi lililojaa mawaridi meupe ambayo hayakupata kuota popote. Wageni walikaa ukumbini saa nne tu. Picha zikapigwa, tukasifiwa sana. Msimu wa embe ulipofika, watoto wa mtaani walikwenda shambani kama desturi yao, wakakuta kisiki, wakarudi. Hawakuniambia kitu. Afadhali wangelisema.

Baadhi ya maua yale hayakuwa ya kukodi, tuliyanunua, kwa hivyo yalibaki nyumbani makasha mawili chini ya kitanda, yakivuta vumbi.

Miaka ikapita. Mtoto wa marehemu kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Tabora, akapata mchumba Kwihara, na mimi ndiye niliyekuwa na wajibu wa kumsimamia. Tukafunga safari kwa treni ya reli ya kati, watu kumi na mmoja, na katika mizigo yetu mlikuwa na makasha yale mawili. Mke wangu aliyatia kwa nia njema kabisa. Alisema, “Bara hakuna maua. Tusije tukamuaibisha mtoto.” Ndugu msomaji, maneno hayo niliyakubali bila kuyafikiri. Zama za misafara watu walitoka pwani na marikani, kaniki na shanga, wakiamini kwamba uzuri wote unatoka baharini na bara kuna pembe tu. Sisi nasi tulitoka na shanga zetu za plastiki.

Tulifika mwezi wa Oktoba, mwisho wa kiangazi. Ardhi ya Tabora wakati huo imekauka mpaka inapasuka, na hewa imejaa vumbi. Tulivyokaribia, nikaona kwa mbali msitu mzima umekuwa mwekundu. Nikadhani ni maua. Kumbe ni majani. Miti ya miombo, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, huvaa majani mapya, na majani hayo hayaanzi kijani, huanza mekundu, ya rangi ya shaba, ya rangi ya hina iliyokolea. Baada ya siku chache huanza kugeuka kijani, kana kwamba mtu ameondoa ushungi. Na hapo katikati mininga ilikuwa imechanua maua yake ya manjano. Mke wangu alitazama, akanitazama mimi, hakusema neno. Nami sikusema.

Jioni ile tuliyafungua makasha uani. Babu yake bi arusi, mzee wa miaka mingi, alikuja na bakora yake, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akachukua waridi moja akalisogeza puani.

“Hili linanukia nini, bwana?”

“Halinuki kitu, babu. Lakini halinyauki.”

“Halinyauki,” akarudia taratibu. Akaligeuza. “Na keshokutwa mtaliweka wapi?”

Nikamwambia tutarudi nayo Bagamoyo. Akasema, “Basi kheri, maana hapa kwetu kila kitu cha arusi huliwa. Kikibaki, huliwa na mbuzi, au huliwa na moto, au huliwa na udongo. Hiki sikujua kitaliwa na nani.” Akanirudishia mkononi kwa adabu, kama mtu anayerudisha amana, akaenda zake kutawadha.

Hakututia aibu mbele ya watu, wala hakutukataza. Lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri, na nilichokuwa nikikiona si waridi, ni kile kisiki.

Sasa tulipime jambo hili kwa mizani ya dini, na tulipime kwa uadilifu, kwani wako wanaolikimbilia upande mmoja na wako wanaolikimbilia upande wa pili. Wako wanaosema kwamba maua na mapambo yote ni upuuzi, na kwamba Muislamu wa kweli huoa kwa tende na maji. Hao wamezidisha. Katika Suratul Aaraf tumeamrishwa tuchukue mapambo yetu, na aya inayofuata inauliza kwa kukemea: ni nani aliyeharimisha pambo alilolitoa Mwenyezi Mungu kwa ajili ya waja wake? Na Bwana Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Imam Muslim, ametufundisha kwamba mtu akipewa rihani asikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Na alipopata khabari ya ndoa ya Abdurrahman bin Auf, alimwambia afanye karamu ijapokuwa kwa mbuzi mmoja. Arusi ifurahiwe. Bi arusi apambwe. Hapana ugomvi hapo.

Lakini aya ileile iliyotuamrisha kujipamba ndiyo iliyotukataza israfu. Na katika Suratul An'aam, inapotaja mabustani na mitende na makomamanga, kwanza inaturuhusu kula, kisha inatuamrisha kuitoa haki yake siku ya kuvuna, kisha inakataza israfu hapohapo. Mimi si mwanachuoni wa kutoa fatwa, lakini mpangilio huo unanifundisha kwamba neema ya mmea haishii kwangu mimi ninayeichuma. Ndani yake mna haki ya mwingine. Aghlabu tunapolisema neno israfu tunafikiria fedha tu: fulani ametumia milioni kadhaa, fulani amekopa. Ama mti, maji, nyuki na udongo hatuvitii katika hesabu, kana kwamba havina mwenyewe.

Tazama jinsi bibi zetu walivyokuwa wakifanya. Kikuba ni kitu kidogo mno. Asmini huchumwa jioni ingali imefumba, kwani hufumbua usiku, na kichaka chake hubaki palepale, kesho kinatoa tena. Rihani hukatwa ncha tu, na mrihani ukikatwa ncha huzidi kuchipua. Vikaongezwa mlangilangi, kilua, vipande vya mkadi, pengine waridi moja lililochanwachanwa, vikafungwa kwa uzi, vikanyunyiziwa marashi. Kikavaliwa kifuani, kikawekwa chini ya mto, kikanukia mpaka asubuhi. Kesho yake kimenyauka na kinatupwa uani, kuku wanakiparua, mvua inakioza. Hakuna aliyekinunua kwa deni. Na mara nyingi maua yale hayakuwa hata ya nyumba yenye arusi, yalitoka kwa jirani aliye na mlangilangi, na yule mwenye asmini nyingi, na kila aliyeleta akawa na sehemu yake katika furaha. Singo vivyo hivyo, na hina vivyo hivyo. Unaweza ukaifuata kila kitu mpaka mtini kwake, na ukakifuata tena mpaka udongoni.

Kisha litazame jukwaa langu mimi. Waridi la plastiki lilitoka katika mafuta ya ardhini, likapita katika kiwanda cha nchi nisiyoijua, likavuka bahari katika kontena. Likitupwa jaani halifi. Jua litalipasua vipande, mvua itavipeleka mtoni, mto utavipeleka baharini, na tukilichoma, moshi wake tunauvuta wenyewe. Serikali zetu zimepiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya mwezi wa Agosti 2017 na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Tukasema alhamdulillahi, kisha tukaenda arusini kumkalisha bi arusi katikati ya plastiki ileile iliyokatwa kwa umbo la ua.

Na lile sifongo la kijani ambalo wapambaji hulilowesha maji wakachomeka maua mabichi, wengi hudhani ni kitu cha majani kwa sababu ya rangi yake. Nalo ni plastiki. Lilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1954. Halirudi kuwa udongo, hufikichika likawa vumbi jembamba, na maji yake watu humwaga shimoni au bustanini bila kujua wanamwaga nini. Maua mabichi yanaweza kusimama katika mtungi wenye maji na mchanga, au katika waya uliokunjwakunjwa, ambao huoshwa ukatumika tena. Bibi zetu hawakulihitaji sifongo hilo.

Hapa lazima nisimame niwe mkweli, kwani jambo hili si jepesi kama linavyoanza kusikika. Mtu ataniambia: basi tuache plastiki, tununue mawaridi ya kweli. Nami nitamuuliza, ya wapi? Mawaridi ya Naivasha na ya Arusha hukuzwa zaidi kwa ajili ya masoko ya Ulaya, yanamwagiliwa, yananyunyiziwa dawa, yanakaa katika baridi tangu shambani mpaka kwenye ndege. Yale tunayoyapata mjini kwetu nayo yamesafiri kwa gari na barafu, na mengi yake hayanuki, kwani yameteuliwa yakae siku nyingi katika chupa na si yanukie. Siwalaumu wanaofanya kazi katika mashamba yale. Nasema tu kwamba kuitwa ua la kweli hakulitoi ua katika hesabu.

Na mwengine ataniambia, tena kwa haki: mpambaji wa mtaani kwetu ni mjane, ana mayatima wanne, maua yake ya plastiki anayakodisha kila Ijumaa na kila Jumapili, anayafuta vumbi, anayatumia mwaka wa nane huu. Je, huyu na yule anayenunua mawaridi mia mbili ya usiku mmoja, ni nani mharibifu zaidi? Nimelifikiri sana suali hilo. Kwa maoni yangu yule mjane ni mwenye kuhifadhi kuliko wengi wetu, na mwenye kutaka kumkodi amkodi, na asimpunguzie ujira wake kwa kisingizio cha kuipenda dunia ya Mungu. Kosa langu mimi halikuwa maua ya kukodi. Kosa langu lilikuwa kuangusha kitu kilichokuwa kikiwalisha watu ili ninunue kitu cha kuonekana saa nne.

Turudi Kwihara, kwani arusi bado.

Asubuhi ya siku ya nikahi, kijana mmoja wa upande wetu, mwenye bidii kuliko akili, alichukua panga akaingia msituni kutuletea matawi yale mekundu. Alidhani amepata dawa ya aibu yetu: tutapamba kwa vitu vya asili! Hakukata tawi la tatu, akatokea mzee wa makamo amebeba kamba begani.

“Kijana, unanikatia shamba langu.”

“Shamba gani, mzee wangu? Huu si msitu?”

“Shamba la nyuki.”

Akamwonyesha mizinga ikining'inia juu kwenye matawi. Miombo hiyo inapovaa majani mapya ndipo nayo inapochanua, maua madogo ambayo mpita njia hayaoni, lakini nyuki wanayaona, na asali ya Tabora inayouzwa mpaka pwani kwetu inatoka humo. Msitu ule una maadui wa kutosha. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na mkaa hupelekwa mjini usiku na mchana. Hata baadhi ya warina asali wenyewe, alikiri yule mzee, hubandua gome la mti kutengeneza mzinga, na mti ukibanduliwa hufa. Kwa hivyo hakuwa akijifanya malaika. Alisema tu kwamba kukata tawi lenye ua kwa ajili ya kulitazama jioni moja ni kumnyima nyuki chakula na mtu asali, na kama tunataka kuutazama msitu, msitu upo, waketisheni wageni wauelekee.

Ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wa pale walikwisha kujua la kufanya kabla sisi hatujaanza kubabaika. Walifagia chini ya miembe miwili mikubwa, wakatandika mikeka. Wasichana walikwenda na nyungo wakaokota maua ya mninga yaliyokwisha kuanguka yenyewe, wakayamimina kandokando ya mikeka kama pindo la kanga. Vibuyu vikatiwa nyasi ndefu zilizokauka. Hapakukatwa kitu. Mke wangu aliona mrihani katika kopo mlangoni kwa jirani, akaomba, akapewa, akakaa na wifi zake wakafunga vikuba vya rihani tupu, bila asmini, bila mlangilangi, akawa anavigawa kwa wanawake wa Kwihara mmoja mmoja. Nilimwona bibi mmoja akikinusa, akakitia kifuani, akafumba macho.

Na makasha yetu? Mapambo ya plastiki hatukuyafungua tena. Watoto waliomba mawaridi sita ya kuchezea, nikakataa, wakanishangaa.

Baada ya nikahi na chakula nilikaa na yule babu chini ya mwembe. Nikamsifia kivuli. Nikataka kujua nani aliipanda miembe ile, kwani inasemwa kwamba miembe ya njia ile yote ililetwa na misafara ya pwani, wengine wakisema ilipandwa kwa makusudi na wengine wakisema ni kokwa tu zilizotupwa na wapita njia. Nilisema, kwa fahari kidogo, kwamba huenda ni babu zetu wa pwani walioipanda. Mzee akacheka. Akasema, “Huenda. Au ni aliyefungwa minyororo, aliyepewa embe moja akatema kokwa. Huyo naye ni babu wa mtu.”

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona jinsi suali lile la kutoka wapi linavyoweza kumrudia mwenye kuliuliza. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watu. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873 katika zama za Sayyid Barghash, na utumwa wenyewe katika Tanganyika haukufutwa na sheria mpaka mwaka 1922. Katika majumba yetu ya pwani tumo wajukuu wa waliopita njia ile kwa namna zote mbili, na wengi wetu tuna damu ya huku na huku. Kivuli ni kilekile. Bwana Mtume (S.A.W.) amesema, katika hadithi iliyo mashuhuri, kwamba Muislamu hapandi mmea akala humo ndege au mtu au mnyama ila huandikiwa sadaka. Je, thawabu za miembe ile zinaandikwa katika daftari la nani? La tajiri aliyeongoza msafara, au la mtu aliyetema kokwa akaendelea kutembea asijue anakopelekwa? Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilibaki na fahari yangu imepungua, na nikaona si vibaya imepungua.

Maana kuna hatari moja katika mazungumzo haya ya mapambo ya asili, nami nataka niiseme wazi. Ni rahisi mtu akafanya arusi ya vibuyu na nyasi, akajiona amekuwa mwema kuliko jirani yake mwenye ukumbi, na ule uzuri wa unyenyekevu ukawa nao ni pambo la kujionyesha. Nimekwisha kusikia mjini kuna wanaolipa fedha nyingi ili arusi yao ionekane ya kishamba! Matawi yanakatwa kwa lori, magogo yanachongwa makusudi yaonekane ya zamani. Huyo naye amekata msitu. Wanawake wa Kwihara hawakufanya walivyofanya ili wasifiwe. Walifanya kwa sababu mninga ulikuwa umeangusha maua na mikeka ilikuwepo, na kwa sababu fedha walizokuwa nazo walizitia katika mchele na mbuzi wa kuwalisha watu mia tatu, mpaka wapita njia wakaitwa wakala.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Makasha yale niliyaweka juu ya rafu ya treni, na kila behewa lilipotikisika yalitikisika. Mke wangu aliniambia tukayagawe. Nikamwambia nikimgawia mtu nimempa mzigo wangu aubebe yeye. Mwisho tulikubaliana tumpe yule mjane mpambaji, kwani yeye atayatumia mpaka yachakae, na huo ndio mwisho mzuri kuliko yote niliyoweza kuuona kwa maua yasiyokufa. Aliyapokea kwa furaha, akayahesabu, akatoa mawili yaliyovunjika bua akanirudishia.

Shambani kwetu kisiki kimechipua pembeni, vijiti vinne au vitano. Mtu mmoja ajuaye mambo ya miti aliniambia niache kimoja tu kilicho imara na vingine niviondoe, na kwamba nisitarajie embe kwa miaka kadhaa. Nimefanya hivyo. Mbuzi wa jirani wamekila mara moja, nimekizungushia miiba.

Sasa binti yangu mdogo ameposwa, na arusi inshallah ni baada ya Idi. Mama yake amekwisha kupeleka salamu kwa jirani mwenye mlangilangi na kwa yule wa nyuma ya msikiti mwenye asmini. Binti mwenyewe anasema vikuba anavitaka, na singo anaitaka, lakini wenzake wote wameolewa ukumbini, kwa nini yeye awe wa uani? Nimemwambia ua wetu una nafasi. Amesema ua wetu hauna hata kivuli, kwani hauna mti. Sikuwa na jibu. Mazungumzo hayo bado yanaendelea nyumbani kwangu, na mjomba wake anakuja Alkhamisi.